Kitabu cha Kirusi

Mtu akiazima sufuria kwako atairudisha, hata kama imeungua kitako. Akiazima kitabu anakurudishia maoni. Mimi nyumbani kwangu nina maoni ya kujaza kabati, vitabu sina.

Hiki ninachokililia leo nilikinunua Posta mwanzoni mwa mwaka 2023, kwa wale vijana wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara. Kilikuwa kimelala kati ya Biblia ya Kijerumani na hesabu za kidato cha pili. Kijana alisema elfu nane, mimi nikasema elfu mbili, tukaachana kwa hasira mara mbili, tukapatana elfu nne. Kinaitwa The Hot Zone, mwandishi wake Richard Preston, Mmarekani, na kilitoka mwaka 1994. Kimeshonwa kama riwaya ya kusisimua lakini si riwaya, yaliyomo yalitokea. Kwenye jalada Stephen King, mtu anayekula kwa jasho la kutisha wenzake, anasema sura ya kwanza ni miongoni mwa mambo ya kutisha kabisa aliyowahi kuyasoma. Nikaona mchawi akimwogopa mchawi mwenzake, basi elfu nne si nyingi.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba ukikifungua tu, uko Kenya. Mimi nikiliona jina la mahali pa jirani ndani ya kitabu cha Mmarekani huwa kama nimemwona binamu kwenye taarifa ya habari: lazima nisogee nijue kafanya nini. Kumbe binamu kafanya makubwa. Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia alikwenda kutembea Mlima Elgon wakati wa mwaka mpya wa 1980, akaingia pango la Kitum. Pango hilo tembo huliingia usiku, gizani, wakikwangua kuta kwa pembe wapate chumvi. Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumgonga, macho yakawa mekundu, akapakiwa kwenye ndege kutoka Kisumu kwenda Nairobi akitapika njia nzima. Nairobi akapanda teksi mpaka hospitalini, na huko akaanguka, damu ikimtoka. Kirusi chenyewe ni Marburg, ambacho kilipewa jina la mji wa Ujerumani baada ya mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara walipougua kutokana na kima walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua Marburg, Frankfurt na Belgrade, 7 wakafa.

Nilisoma sura hiyo usiku mmoja nikiwa nimekaa kitandani. Nilipomaliza nilihisi kichwa kinaniuma. Nikaenda kwenye kioo cha bafuni kuangalia macho. Yalikuwa mekundu. Nikakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, nikawaza nani atawalipia watoto ada. Ilinichukua robo saa kukumbuka kwamba nilikuwa nimesoma saa nne mfululizo kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukificha kitabu. Badala yake nikakiacha juu ya meza.

Msomaji wa kwanza akawa Mama Watoto. Alisoma kurasa nane tu. Najua ni nane kwa sababu kwenye ya tisa aliweka pini ya nywele, na ile pini haikusogea tena. Asubuhi aliniuliza swali moja: "Baba, popo wale wa kwenye mkungu wetu wanalala wapi mchana?"

Sasa, mkungu wetu ni mti wa maana. Ndio kivuli pekee kwenye uwanja, na chini yake ndiko kilipo kiti changu, kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Popo huja usiku kula kungu, wanazimenya nusu wanazitupa, na alfajiri watoto wa mtaa mzima wanaziokota na kuzigonga kwa jiwe wapate kokwa. Ndivyo nilivyokua na mimi. Mama Watoto akasema mti ukatwe. Nikamwambia mti ni wa mwenye nyumba. Akasema basi watoto wafungiwe ndani mpaka saa mbili. Nikamwambia shule inaanza saa moja na nusu. Akasema nisimletee habari za saa mtu aliyemwingiza popo ndani ya nyumba. Nikajitetea kwamba nimeingiza kitabu. Akasema ni kulekule.

Ikafuata wiki ya Jik. Vikombe vilinuka Jik, chapati zilinuka Jik, na pazia la sebuleni, ambalo alilipigia mkopo kwenye kikoba, lilitoka kwenye beseni na madoa kama chui. Kosa la pazia nalo likawekwa kwenye hesabu yangu.

Ili kuiokoa nyumba nikakitoa kitabu nje. Nikakipeleka kijiweni pa kahawa, ambako huwa kuna mzee mmoja anayeketi jirani na sinia ya kashata kiasi kwamba tumeshindwa kujua kama ni mteja au ni mali ya muuzaji.

"Kitabu gani hicho, kijana?"

"Shikamoo, Mzee. Cha kirusi."

"Marahaba. Kirusi umejifunzia wapi wewe?"

"Si Kirusi cha Urusi, Mzee. Kirusi. Kimojawapo cha virusi."

"Ah. Warusi wamefanya nini tena?"

Nilieleza. Nilieleza kwa mikono, nikachora pango kwa kijiti mchangani, nikaigiza tembo. Nililipia kahawa ya watu sita ili waninyamazie nimalize. Nilipomaliza, mzee akawageukia wenzake akawapa muhtasari: Warusi wamejichimbia pangoni Kenya, wanawapa tembo chumvi yenye sumu, na Mfaransa aliyewagundua wakamuua. Kijiwe kizima kikatikisa kichwa. Mmoja akasema yeye siku zote alijua. Jioni nilipopita dukani kununua mkate, muuza duka aliniuliza kama ni kweli chumvi itapanda bei.

Wapo waliolilaumu jina. Jirani yangu wa upande wa kulia, dereva teksi, aliuliza "hot zone" maana yake nini. Nikamwambia ni eneo la hatari, sehemu yenye ugonjwa, ila neno kwa neno ni eneo la joto. Akajifuta shingo kwa taulo lake, akasema kitabu kizima kuandikia Dar es Salaam mwezi wa pili, Wamarekani kweli hawana kazi. Kisha akakiazima.

Huyu alikisoma vizuri kuliko sisi wote. Alikisoma akiwa kwenye foleni, akakisoma akisubiri abiria uwanja wa ndege, akakilaza kwenye dashibodi jua likakipinda mgongo. Baada ya siku tatu alinisimamisha getini uso umemsinyaa.

"Jirani, nauli ililipwa?"

"Nauli gani?"

"Huyu Mfaransa. Ametoka uwanja wa ndege mpaka hospitali, ni safari ile, si kona. Amefika hali yake mahututi. Nimesoma mbele, nimerudi nyuma, sioni palipoandikwa amelipa."

Nikamwambia mtu alikuwa anakufa. Akasema ndiyo, anaelewa, na pole kwa wafiwa, lakini mwenzake aliyekuwa ameshika usukani naye ana mke. Na viti nani aliosha? Mwandishi ana nafasi ya kueleza rangi ya matapishi, hana nafasi ya kusema dereva alipona au hakupona? Tangu siku hiyo akawa haanzi safari ya uwanja wa ndege mpaka abiria ameshusha miwani amwone macho, na amelipa nusu. Alinyang'anywa nyota kwenye simu yake na wateja wawili, na akaniambia nyota hizo ananidai.

Nakiri kwamba swali lake lilinikaa. Mimi niliisoma sehemu ile nikimwangalia mgonjwa tu, kama watu wanaojazana kwenye ajali. Sikumwona aliyekuwa akiendesha.

Kitabu kilipotoka kwa dereva kikaenda kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya nyuma, kosa ambalo ni langu peke yangu. Mwalimu hasomi kitabu, anakisahihisha. Kilirudi kina wino mwekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwenye jalada la ndani alikuwa amekipa alama 58 kwa 100 na maneno: "Ana kipaji. Atulie."

Malalamiko yake alinisomea akiwa amesimama. La kwanza, watu wanasema nyani, si nyani, ni kima. La pili, utamu wote umejengwa kuelekea Reston, mji wa jimbo la Virginia, kando ya Washington. Mwishoni mwa mwaka 1989 kima walioletwa kutoka Ufilipino walianza kufa mmoja mmoja ndani ya nyumba ya kuwatengea wanyama. Wataalamu wa jeshi wakapima, wakaona kitu kinafanana na Ebola. Wanajeshi wakaingia wamevaa mavazi kama ya wanaanga, wanapulizwa hewa ndani, mikononi glavu juu ya glavu, wakawaua kima waliobaki. Mamia. "Moyo unanidunda," akasema Mwalimu, "nasema sasa Marekani inakwisha. Nafunua ukurasa. Halafu?"

Halafu hakuna. Wafanyakazi wachache walionekana kuwa na dalili za maambukizi kwenye damu, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Kirusi cha Reston kina ubaya wa ukoo wake kwa kima, binadamu kinamwacha. Mwalimu alikuwa amekasirika kama mtu aliyelipia tiketi ya Simba na Yanga ikaisha sufuri kwa sufuri. Nikamwuliza: ulitaka watu wafe, Mwalimu? Akatazama pembeni. Akasema hakusema hivyo. Akasema amezungumzia muundo.

La tatu ndilo lililonigusa. Kima wametoka Ufilipino. Hofu imetokea Marekani. Mlima Elgon umeitwa kufanya nini katika kesi hii? Kitabu kinaanzia Kitum, na karibu na mwisho mwandishi anafunga safari mpaka Kitum, anavaa mavazi ya kujikinga na barakoa, anaingia pangoni, anatoka mzima. Mapango ya Elgon, akasema Mwalimu akigonga kidole mezani, watu wa mlima ule wameyaishi na ng'ombe wao vizazi na vizazi, moshi wao uko kwenye dari. Humu ndani ni kama hapajaingia mtu ila tembo na Mzungu. Na pembeni ya sura hiyo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Tembo huingia humu kufuata chumvi. Mwandishi naye hakutoka mikono mitupu."

Nilicheka mpaka nikamsamehe wino.

Basi nikawa nimejipanga upande wa Mwalimu, nikizunguka mtaani na hoja yake kama ni yangu: kitabu kimetiwa chumvi, tulale usingizi. Nililala siku nne. Tarehe 21 Machi Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kagera ni Marburg. Haukuwahi kuthibitishwa Tanzania kabla ya hapo.

Na mama mkwe wangu ni wa Kagera. Na alikuwa ameshakata tiketi ya basi.

Hapa naomba nieleze jiografia, kwa sababu mtaani kwetu hakuna aliyetaka kuisikia. Mlipuko ulikuwa Bukoba Vijijini. Mama mkwe anakaa Muleba, wilaya nyingine. Kwa watu wa mtaa wangu, ambao wengi wao kitabu walikisoma kwa masikio kule kijiweni, hiyo haikuwa tofauti. Dereva teksi alinipa taarifa kwa upole kwamba gari lake siku ya Jumamosi litakuwa gereji. Nikamwuliza lina tatizo gani. Akasema bado hajajua. Mwenye nyumba, ambaye sijawahi kupata ujumbe wake ila wa kodi, aliniandikia kuuliza kama familia yote ni wazima. Muuza duka akaweka ndoo ya maji tiririka mbele ya kibaraza, ile ile ya enzi za korona, na mzee wa kijiweni akakumbusha kwamba dawa ni nyungu, malimao na kutowaamini Warusi.

Msomaji wa pekee aliyebaki na akili alikuwa mpwa wangu, binti wa dada, ambaye ni nesi. Alikuja Ijumaa usiku ametoka zamu, akavua viatu, akakiona kitabu, akakifungua katikati. Alisoma kama saa moja bila kusema. Nilikuwa nangoja ashtuke. Akapiga miayo.

"Mjomba, wewe umekisoma chote?"

"Chote."

"Ukurasa wa sindano umeuona?"

Nikasema nimeuona. Sikuwa nimeuona. Au niliupita mbio nikitafuta damu inaanzia wapi tena.

Akanisomea. Yambuku, Kongo, wakati huo Zaire, mwaka 1976. Hospitali ya misheni iliyoendeshwa na masista wa Kibelgiji. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano. Tano, kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, wajawazito na wenye malaria, na kati ya mtu na mtu zikisuuzwa tu. Katika mlipuko ule watu 318 waliugua Ebola, 280 wakafa, na hospitali ilifungwa baada ya watumishi 11 kati ya 17 kufa. Wataalamu walipokuja kutafuta jina la ugonjwa walichagua mto Ebola ulio mbali kidogo na kijiji, ili kijiji kisibaki na fedheha. "Marburg hawakufikiriwa hivyo," nikasema, nikitaka nionekane ninajua. Mpwa hakunijibu. Alikuwa bado kwenye sindano.

"Mimi ningeanzia hapa," akasema. "Hili ndilo la kutisha. Hayo ya kuyeyuka matumbo, Mjomba, mtu hayeyuki. Wengi hata damu hiyo huioni. Wanatapika, wanaharisha, maji yanakwisha mwilini, presha inashuka, wanazimika. Ungekuja wodini ungeona ni kama kipindupindu. Ungeona inachosha, si inatisha."

Nikamwuliza habari ya ndege ile. Kila mtu aliyesoma sura ya kwanza hubaki na ile ndege: abiria wamebanana, Mfaransa anatapika, hewa ni hiyohiyo. Lazima waliambukizwa wengi.

"Aliambukizwa daktari," akasema.

"Na nani tena?"

"Basi. Daktari."

Ni kweli, na tangu siku hiyo naieleza kwa kila anayenisimamisha. Ndege nzima, teksi, mapokezi, na aliyeugua ni Dakta Shem Musoke, aliyekuwa anamhudumia mgonjwa kwa karibu matapishi yakamrukia usoni. Alipona, akaendelea na udaktari. Wenzetu wakishapona jambo kubwa hupewa jina la barabara. Musoke alipewa kirusi. Aina ya Marburg iliyotoka kwenye damu yake inaitwa Musoke kwenye maabara za dunia hadi leo.

"Haliruki hili dudu," mpwa akasema. "Linamfuata anayebeba, anayefuta, anayeosha. Ndio maana linaanza na sisi." Alisema "sisi" akiwa anakanda unyayo wake. Huko Kagera nako, kati ya walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya. Mwisho wa mlipuko hesabu ilikuwa wagonjwa 9, waliokufa 6.

Nikamwuliza tena juu ya mkungu, maana usiku kiti changu kilikuwa kinaniwazisha. Akacheka. Akasema ubaya wa kusoma kitabu cha mwaka 1994 mwaka 2023 ni huo: Preston anamaliza bila kujua kirusi kinaishi kwa nani. Baadaye wachimba madini wa Uganda waliugua Marburg, mwaka 2007, watafiti wakaingia mgodini wakakikuta kwa popo, aina inayolala mapangoni kwa maelfu. Kwa hiyo, Mwalimu apende asipende, pango halikusingiziwa. Hata mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyetembelea Kitum hiyohiyo alikufa kwa Marburg. "Ila kungu wanawe watoto, Mjomba. Zioshwe. Hiyo si kwa ajili ya Marburg, ni adabu."

Jumamosi nilikwenda stendi ya Mbezi mwenyewe, kwa daladala. Basi liliingia jioni. Mama mkwe akashuka na mkungu wa ndizi, ndoo ndogo iliyofungwa kitambaa, na begi. Sasa nisikilizeni, kwa sababu sehemu hii sijamsimulia Mama Watoto. Nilikuwa nimeshamsikiliza mpwa. Nilijua wilaya, nilijua popo, nilijua sindano. Na bado miguu yangu ilisimama. Nilisimama pale kama nimepigwa msumari, mkono mmoja uko nusu ya njia kuelekea kwenye begi, nikimwangalia mama aliyenipa mke kama dereva anavyomwangalia abiria: macho. Nilimwangalia macho.

Kilichoniokoa ni mila. Mkwe haparamiwi. Mtu yeyote aliyeniona angesema kijana huyu kalelewa.

"Shikamoo, Mama," nikasema kutoka nilipokuwa.

"Marahaba, mkwe wangu." Akanitazama, akaitazama ile nafasi kati yetu, ambayo ingepitisha bajaji. "Heshima hii ya mita mbili umeianza lini?"

Nikalibeba begi. Nikabeba na ndizi. Ndoo alikataa, akasema hiyo ni senene, ataibeba mwenyewe isije ikapata homa.

Njia nzima hakusema. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliponiambia, sauti ya kawaida kama anaulizia bei ya nyanya, kwamba wao kukimbiwa wamezoea. Miaka ile ya themanini, UKIMWI ulipoingia Kagera watu wakiuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda, walikuwa wakipanda basi watu wanahama viti. Alizika dada wawili. "Nao walikuwa wanatuangalia macho," akasema.

Sikupata neno. Mkungu wa ndizi ulikuwa mzito kweli, nikajifanya ndio unaonikaba.

Majirani walimpokea kwa adabu ya juu ya ukuta. Shikamoo zilirushwa kutoka pande tatu, hakuna aliyevuka. Mama Watoto alikaanga upya senene, akatia vitunguu, akajaza sahani, akawatuma watoto nyumba kwa nyumba. Sahani zote zilirudi kama zilivyokwenda, kila moja na udhuru wake: huyu amefunga, yule ana vidonda vya tumbo, Mwalimu alisema ameacha protini. Watoto wangu walikuwa na furaha isiyo kifani, wakazila zote.

Jumapili alasiri mpwa alimkuta Bibi amekaa kwenye kiti changu, chini ya mkungu, na kitabu mapajani. Hajui Kiingereza, alikuwa anatazama picha ya jalada. Alitaka ajue ni kitabu gani hicho ambacho kimemfanya mkwe wake asimame stendi kama askari. Mpwa akakaa kwenye mkeka akaanza kumsomea sura ya kwanza, akitafsiri palepale. Nami nikajibanza mlangoni, nikijua kwamba sasa atatishika, na akitishika atanielewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Pango, tembo, kichwa, macho, ndege. Hakushtuka hata mara moja. Aliguna mara mbili, kama anavyoguna mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa nyumba ya pili. Kisha akauliza:

"Siku zile kabla hajapanda ndege, uji alikuwa anapelekewa na nani?"

Mpwa akafunua mbele, akafunua nyuma. "Uji haumo, Bibi."

"Mtu ameumwa siku zote hizo, uji haumo?"

"Haumo."

"Basi mwandishi hakumaliza kuuliza," akasema mama mkwe, akachukua senene kwenye kikombe.

Ukutani, upande wa kulia, kulisikika kukohoa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu ukurasa wa ngapi. Kichwa cha dereva kikajitokeza juu ya matofali, na taulo lake shingoni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umefunga bado?"

"Nimefungua." Akazungukia getini. Alikuja na sahani yake mwenyewe, kubwa, akaketi kwenye kona ya mkeka, si mbali sana na Mama wala si karibu sana, akala senene wa jirani kama mtu aliyekuwa akiwaona kwa siku mbili kupitia tundu la ukuta, na ndivyo ilivyokuwa. Kati ya matonge akasema gari limepona. Akasema ile siku Mama atakapoondoka atampeleka stendi bure. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye mtetezi wa nauli. Akasema hiyo ni kesi nyingine, na akaomba kitabu tena, kwamba kuna mahali anataka kuhakikisha.

Nilimpa, mjinga mimi. Mama mkwe alirudi Muleba mwezi wa tano. Mkungu upo, mguu wa kiti nimeufunga waya mpya, na pazia la chui tumelizoea. Kitabu dereva akampa shemeji yake, shemeji akampa mtu wa kazini kwake, na tangu hapo ninasikia habari zake kama za mtoto aliyetorokea baharini.

Juzi usiku nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, nyuma yake honi na mpiga debe. Akajitambulisha kuwa yuko Mbagala, namba yangu ameikuta imeandikwa ndani ya kitabu, chini ya maneno ya wino mwekundu. Nikaruka kitandani. Nikamwambia ndiyo, ndugu yangu, hicho ni changu, nielekeze ulipo nije kesho asubuhi.

Akasema hapana, bado anakisoma. Amefika pale Mfaransa anaposhuka kwenye teksi, na ana swali.